Samaki Alijua Kabla ya Maabara

Kidonge kimoja cha uzazi wa mpango kinaweza kuwa na mikrogramu 30 za ethinilestradioli, homoni ya kike inayotengenezwa kiwandani. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya ilipendekeza kwamba katika mito homoni hiyo isizidi, kwa wastani wa mwaka, nanogramu 0.035 kwa kila lita ya maji. Piga hesabu, ukikumbuka kwamba mikrogramu moja ni nanogramu elfu moja. Kidonge hicho kimoja, kikiyeyushwa chote, kinahitaji zaidi ya lita 850,000 za maji ili kishuke hadi hapo. Ni malori ya maji themanini na kitu, yale ya lita elfu kumi, kwa ajili ya kitu ambacho kikianguka sakafuni utakitafuta kwa kupapasa.

Hesabu hiyo naipenda kwa sababu imebeba shida nzima ya upimaji. Kemikali zinazovuruga homoni hufanya kazi zikiwa haba kiasi kwamba mashine nyingi za maabara hazizioni. Pendekezo lile la Ulaya halikupita. Mwaka 2015 homoni hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya vitu vya kufuatiliwa, nchi wanachama zikatakiwa kuitafuta hadi kwenye nanogramu 0.035, na maabara nyingi zikakuta vifaa vyao havifiki huko chini. Zikaandika neno moja: haikuonekana.

Neno hilo naliogopa kuliko namba yoyote kubwa. Mkuu wa mamlaka ya maji akiliona anashusha pumzi, mwandishi wa habari analisoma kama "haipo", na mwananchi anaambiwa maji ni salama. Kumbe maana yake ni kwamba chombo kilichotumika kingeanza kuona pale tu kiwango kinapovuka, tuseme, nanogramu 1, ilhali samaki ameanza kudhurika kabla ya hapo. Ripoti isiyotaja chombo chake kinaanzia wapi kuona haijasema kitu, na mimi ningeirudisha kwa aliyeileta.

Tuwatazame hao samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Mto Lea nchini Uingereza, walianza kupatikana samaki waliokuwa na viungo vya uzazi vya kiume na vya kike kwa pamoja. Walikuwa wakiishi chini ya bomba la mtambo wa kusafisha majitaka. Miaka iliyofuata watafiti wakafanya jambo rahisi mno: walichukua trauti dume, wakawatia ndani ya vizimba, wakavishusha kwenye maji yanayotoka mitambo ya majitaka sehemu mbalimbali za nchi, kisha wakawapima damu. Walichokitafuta ni vitelojenini, protini ambayo ini la samaki jike hutengeneza kwa ajili ya kiini cha yai. Dume naye ana maelekezo ya kuitengeneza, ila hayatumii maisha yake yote, kwa kuwa hakuna homoni ya kumwamsha. Ndani ya wiki chache damu ya madume wale ilikuwa imejaa protini ya mayai, wengine mara maelfu kwa maelfu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994.

Wakati huo hakuna mashine iliyokuwa imetaja kemikali hata moja. Samaki ndiye aliyetoa taarifa.

Kila mtu alidhani mhusika ni kiwanda. Sabuni za viwandani zilishukiwa, plastiki ikashukiwa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Brunel wakaamua kuyachambua yale maji kama mtu anayechambua mchele: waliyagawa katika mafungu kwa njia za kikemia, wakajaribu kila fungu kuona kama lina tabia ya homoni ya kike, wakatupa mafungu yaliyokaa kimya, wakayagawa tena yale yaliyoitikia. Mwaka 1998 walitangaza walichokipata. Ndani ya majitaka yale ya majumbani, wahusika wakuu walikuwa estradioli na estroni, homoni za asili zitokazo kwenye mkojo wa binadamu, na mahali pengine ethinilestradioli ya vidonge. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini nenda Mto Aire, katika Yorkshire, nchi hiyohiyo na miaka ileile. Samaki wana dalili zilezile, ila mhusika ni mwingine kabisa: nonilfenoli, iliyotokana na sabuni za viwanda vya kuoshea sufu ya kondoo. Viwanda vilipopunguza sabuni hizo, dalili kwa samaki zikapungua. Mtu angechukua orodha ya kemikali iliyopatikana kwenye majitaka ya majumbani na kuipeleka Aire kama ilivyo, angepima kwa uaminifu, angeandika namba nzuri, na angemkosa mkosaji aliyekuwa anapita mbele yake.

Hapo ndipo msimamo wangu unapoanzia. Karibu kila mpango wa ufuatiliaji ninaousoma huanza na orodha: pima bisfenoli A, pima ftaleti kadhaa (zote ni kemikali za plastiki), pima estradioli. Orodha huwa imenakiliwa kutoka mahali pengine, na hugeuka kuwa kama daftari la wezi wanaojulikana, ambamo mwizi mpya hana ukurasa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 ilitaja kemikali zipatazo 800 zinazojulikana au kushukiwa kuvuruga homoni, na nyingi zaidi hazijapimwa kabisa kwa kipimo kinachoweza kuonyesha madhara ya namna hiyo. Hakuna jiji litakalopima 800. Basi tuanze na swali jingine: maji haya yanafanya nini yakikutana na seli hai? Majina yafuate baadaye, pale tu ambapo maji yamejibu.

Swali hilo lina kipimo chake, na si kipya. Mwaka 1996 watu walewale wa Brunel walieleza namna ya kutumia hamira iliyowekewa jeni ya binadamu inayotengeneza kipokezi cha estrojeni. Homoni ni mjumbe, na kipokezi ni mlinzi wa mlango anayesoma barua ya mjumbe huyo. Kemikali inayovuruga ni mjumbe mwenye barua ya kughushi. Hamira hiyo ikipokea barua, iwe halali au ya kughushi, hutoa kimeng'enya kinachobadili rangi ya kioevu kutoka manjano kuwa nyekundu. Kadiri wekundu unavyozidi, ndivyo nguvu ya estrojeni ilivyo kubwa katika sampuli. Jibu huandikwa kama "maji haya yana nguvu sawa na nanogramu kadhaa za estradioli kwa lita", bila kujali nguvu hiyo imetoka kwa nani. Tangu 2018 vipimo vya aina hii, vya hamira na vya seli za binadamu, vina kiwango cha kimataifa, ISO 19040. California nayo ilivitia kwenye kanuni zake za kufuatilia maji yanayorejelezwa kwa matumizi ya binadamu.

Nguvu ya kipimo hiki inaonekana zaidi kwenye mchanganyiko. Mwaka 2002 watafiti wa London walichanganya kemikali nane zenye tabia ya estrojeni, kila moja ikiwa chini ya kiwango ambacho ikiwa peke yake haionyeshi athari yoyote. Zilipokuwa pamoja, athari ikaonekana wazi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hamira inakijua kibaba hicho. Mashine inayopima kemikali moja moja itakuletea nane zilizo chini ya kikomo, na kwa mujibu wa karatasi maji yatakuwa safi mara nane.

Nisije nikauza dawa ya kila ugonjwa. Hamira ya estrojeni haisikii barua za tezi ya shingo, wala za homoni za kiume, mpaka utumie vipimo vingine vya vipokezi hivyo. Perklorati, chumvi inayotumika kwenye fataki na mafuta ya roketi, huvuruga tezi ya shingo kwa kuizuia isichukue madini joto, na hapo hakuna kipokezi cha homoni kinachoguswa. Kipimo cha vipokezi kitapita bila kuiona. Sampuli chafu sana huweza kuua seli zenyewe, ukimya ukadhaniwa ni usafi. Tena maji machafu hubeba pia vitu vinavyoziba kipokezi, kwa hiyo wanaofungua na wanaofunga hufutana. Mpimaji mwenye akili hupima uhai wa seli sambamba na rangi. Asiyefanya hivyo ametupa hela.

Kuna pia suala la kuchota, ambalo watu hulipita haraka kana kwamba maji ni maji. Majitaka ya jiji hubadilika saa hadi saa. Kuna asubuhi watu wanapoamka, kuna usiku wa manane, kuna mvua inayoyachanganya yote na kufurika kabla ya kufika mtamboni. Chupa moja iliyojazwa saa nne asubuhi inaeleza saa nne asubuhi. Afadhali chombo kinachochota kidogo kidogo kwa saa 24, au vile vidaka-kemikali vinavyozamishwa mtoni wiki kadhaa na kufyonza polepole kinachopita.

Na pa kuchotea pana mtego wake. Mwili wetu haumwagi homoni ovyo. Huifunga kwanza kwa kipande cha sukari iliyobadilishwa kuwa asidi, homoni ikawa haina nguvu, ndipo ikatoka na mkojo. Ndani ya mabomba ya majitaka bakteria hukikata kile kipande, na homoni inarudi hai. Ndiyo sababu mara nyingine estroni inayopimwa kwenye mlango wa kutokea wa mtambo huwa nyingi kuliko ya mlango wa kuingilia, na mhandisi asiyejua habari hii hudhani maabara imekosea. Haijakosea. Imepima homoni iliyokuwa imejificha na ambayo sasa imevua kofia.

Chupa yenyewe nayo ichungwe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wakikuza seli za saratani ya titi zinazoongezeka pale tu zinapopata estrojeni. Siku moja seli zikaanza kuongezeka zenyewe, hata zile ambazo hazijapewa kitu. Ilichukua muda mrefu kugundua kwamba chanzo kilikuwa mirija ya plastiki ya maabara, ambayo mtengenezaji alikuwa ameibadilisha mchanganyiko, na ilikuwa ikitoa nonilfenoli. Kisa hicho kinasimuliwa kama habari ya ugunduzi, na ni kweli. Mimi hukisoma pia kama onyo kwa mchota maji: glavu, kifuniko, mpira wa pampu, vyote vinaweza kuandika jina lao kwenye sampuli yako. Chupa ziwe za kioo, na kila safari iende na chupa ya maji safi yanayojulikana, ikafunguliwa huko huko mtoni na kurudishwa, ili tujue sisi wenyewe tumechangia nini.

Je, haya yote yana uzito gani? Kwa samaki hakuna ubishi wa maana. Nchini Kanada, katika ziwa dogo la utafiti linaloitwa Ziwa 260, watafiti walitia ethinilestradioli kila kiangazi kuanzia 2001 hadi 2003, wakidumisha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, kiwango kinachoweza kukutwa kwenye majitaka. Madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, majike nao mayai yao yakavurugika, na samaki wale wadogo wakakaribia kutoweka ziwani. Waliotiwa sumu hawakufa. Waliacha kuzaliana, na kizazi kikakatika.

Kwa binadamu anayekunywa maji ya bomba picha ni tofauti, na wanaharakati wanaokimbia kutoka samaki hadi utasa wa wanaume kwa sentensi moja hawatusaidii. Bisfenoli na ftaleti nyingi hutufikia kupitia chakula, vifungashio na vipodozi zaidi ya glasi ya maji. Hata hivyo namba za kisheria zinazotutuliza nazo huzeeka. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha bisfenoli A kwenye maji ya kunywa: mikrogramu 2.5 kwa lita. Wakati huo mamlaka yao ya usalama wa chakula ilikuwa inaruhusu mtu kupata mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwaka 2023 mamlaka hiyohiyo ikashusha kiwango hicho mara 20,000, hadi nanogramu 0.2. Sasa chukua mtu wa kilo 60 anayekunywa lita mbili za maji yaliyofika kwenye kikomo halali. Anapata nanogramu 5,000 kwa siku, na kiwango kipya kinamruhusu 12. Ni zaidi ya mara 400, na bado maji yametii sheria. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari iliukataa ukali huo na kupendekeza nanogramu 200 kwa kilo. Ukifuata yao, mtu wetu yuko salama, kwa kuwa anaruhusiwa 12,000. Wataalamu wawili wanaoheshimika wametofautiana mara elfu moja. Mimi nayasoma haya kama hoja ya kuendelea kupima na kuhifadhi namba zenyewe, zikiwa na tarehe na mahali, kuliko kuandika "imefaulu" na kutupa kilichobaki. Kikomo kikibadilika kesho, "imefaulu" ya jana haiwezi kusahihishwa.

Halafu kuna hela. Uswisi ilitatua fumbo hilo mapema: tangu 2016 kila mkazi aliyeunganishwa kwenye mfumo wa majitaka huchangiwa faranga 9 kwa mwaka katika mfuko wa pamoja, na mfuko huo hugharimia mitambo ipatayo 100 kuongezewa hatua ya ozoni au mkaa ulioamilishwa, inayotakiwa kuondoa asilimia 80 ya masalia haya. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2024 kwa njia ya ubishi zaidi, ukiamua kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za ziada. Kampuni zikaenda mahakamani, kama ilivyotarajiwa.

Miji ambayo majitaka yake yanakwenda mtoni au ardhini bila kusafishwa haipaswi kuota ozoni leo. Usafishaji wa kawaida wa kutumia bakteria na hewa ya kutosha huondoa sehemu kubwa ya estradioli ya asili, ingawa ethinilestradioli ni sugu zaidi. Kila hatua ya kawaida inayojengwa ni hatua dhidi ya homoni pia. Nachosisitiza kwa miji hiyo ni kutodanganyika kwamba ufuatiliaji huanzia kwenye mashine ya bei kubwa. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mkubwa wa dawa katika mito 258 ya nchi 104: vituo 1,052, dawa 61, na sampuli zote zilipimwa maabara moja, York, Uingereza. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mji ambao chupa yake lazima ipande ndege ndipo ijibiwe utapata jibu moja, siku moja, na hautajua kama hali ilizidi kuwa mbaya msimu uliofuata. Hamira, kwa upande wake, huoteshwa kwenye maabara yoyote yenye usafi na mafundi waliofunzwa. Ichunguze maji kila mwezi, na ile sampuli moja kati ya kumi iliyogeuka nyekundu ndiyo ipande ndege.

Boulder, jiji la Colorado nchini Marekani, linaonyesha kupima mapema kunalipa nini. Watafiti wa huko walikuta samaki chini ya bomba la mtambo wa majitaka wakiwa majike kwa wingi usio wa kawaida, baadhi wakiwa na jinsia mbili. Wakaegesha maabara ya kuhama karibu na mtambo, wakapitisha maji yale kwenye matangi ya samaki dume, na katika muda wa siku saba tu alama za udume zikaanza kufifia. Kisha mtambo ukajengwa upya, ukaachana na teknolojia ya zamani ya kunyunyizia majitaka juu ya mawe na kuhamia kwenye matangi ya tope lenye bakteria na hewa. Ujenzi huo haukufanywa kwa ajili ya homoni. Watafiti wakarudisha matangi yao mahali palepale, na safari hii madume walibaki madume kwa muda mrefu zaidi, athari ikiwa ndogo sana. Jiji lilikuwa limepunguza tatizo la homoni bila kukusudia, na likajua hivyo kwa sababu tu kuna watu waliokuwa wameweka samaki mdomoni mwa bomba kabla fundi wa kwanza hajafika.